Koti la Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na harufu ya mkate. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Alikwenda kazini watu wakienda kulala, akarudi watu wakipiga mswaki, unga umemganda kwenye nyusi na mkate wa moto umefungwa kwa gazeti. Akiingia hufunga mlango kwa kisigino, huweka mkate mezani, kisha hutundika kofia yake kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, juu ya koti jeusi la kike lililokuwa pale siku zote. Mkono wake hukaa kidogo kwenye mkono wa lile koti, halafu ndipo hugeuka.

"Mama, umeamka?" huuliza. Alimwita binti yake hivyo kwa sababu alimpa jina la mama yake mzazi.

"Nimeamka. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kula, usichelewe."

Basi. Miezi minane sasa mazungumzo ya asubuhi yalikuwa yakiishia hapo.

Jina la utani la Chiriku alipewa na mama yake akiwa na miaka minne, kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Akila anasema, akioga anasema, akilala anasema peke yake. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mama yake alikuwa amefariki, na maneno yote yale yalikuwa yamekauka. Jina lilibaki tu, kama karatasi kwenye chupa ya dawa iliyokwisha. Siku ya mazishi hakulia. Shangazi mmoja alimwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Huyu mtoto ana moyo wa jiwe." Masikini, jiwe gani? Ilikuwa ganzi. Unaijua ganzi ya mguu uliokaliwa vibaya? Yake ilimshika mwili mzima. Kila siku aliisubiri imwachie, nayo wapi!

Wiki ile duka kubwa la barabara kuu lilikuwa limebandika matangazo mekundu kila mahali, mpaka kwenye nguzo za taa. Siku tatu tu! Leta koti la zamani, chukua jipya kwa nusu bei! Darasani hapakuwa na habari nyingine, na kila mtu alisifia namna ya kwao.

"Sisi hatuhangaiki na foleni," alisema mvulana mmoja waliyemwita Bosi. "Mimi na kaka zangu tunakaa na simu toka asubuhi. Bei ikishuka tu, bonyeza! Nusu ya vitu wala hatuvihitaji, lakini ukibonyeza unasikia raha hapa." Akajipiga kifuani. "Raha ya ajabu."

"Nyie mmepotea," alisema Twiga. Huyu alikuwa rafiki wa Chiriku, msichana mrefu kumpita mwalimu wa hesabu, ambaye familia yake ilihamia mtaani miaka miwili iliyopita kutoka nchi ya mbali. "Kwetu tunakwenda wote. Mama, bibi, mjomba, mpaka mtoto mchanga. Siku ya kwanza hatununui hata pini. Tunageuza nguo ndani nje, tunavuta mishono, tunapekua mifuko, halafu tunaziacha tunarudi nyumbani. Kesho yake ndiyo tunanunua, kama bado tunazitaka."

"Na wengine wakiwawahi?"

"Basi haikuwa yetu."

Darasa likaangua kicheko. "Na wewe, Chiriku? Kwenu mnafanyaje?" aliuliza Bosi.

Kwao, mjuzi wa mambo hayo alikuwa mama. Alikuwa akienda dukani wiki mbili kabla ya punguzo, kalamu mkononi, akiandika bei kwenye kikaratasi ili siku ikifika asidanganywe na matangazo mekundu. Wauzaji walimkodolea macho, na Chiriku alikuwa akijificha nyuma ya nguo kwa aibu. Angeweza kuwasimulia wenzake yote hayo wakacheka mpaka machozi yawatoke. Badala yake alisema, "Baba hununua unga." Hakuna aliyejua kama acheke au anyamaze.

Lakini lile neno la Bosi lilimkaa kichwani. Raha, hapa. Chiriku alijigusa kifua chini ya dawati. Hakusikia kitu. Alitaka kusikia kitu, chochote kile, hata kama kingekuwa cha kununuliwa.

Alhamisi, siku ya kwanza ya punguzo, alitoka shule na Twiga wakapitia nyumbani kwao Chiriku kuchukua akiba yake. Baba alikuwa amelala chumbani, anakoroma taratibu. Akiba ilitosha nusu ya koti, si koti zima.

"Huna koti la zamani?" Twiga alinong'ona.

"Langu lilinibana, nikampa binamu yangu. Navaa sweta."

Macho ya Twiga yalizunguka sebule yakatua nyuma ya mlango. "Na hili la nani?"

"La mama."

"Kuna mtu analivaa?"

"Nani alivae?"

"Sasa shida iko wapi?" Twiga alisema, na alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Kwetu nguo ikining'inia msimu mzima bila kuvaliwa, inakuwa ya mwenye shida nayo. Bibi hupita vyumba vyote akazikusanya, wala haombi ruhusa. Mwaka jana alichukua suruali ya baba akaifanya mito miwili. Baba mwenyewe anailalia."

Twiga hakuwa na kosa. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Hakujua kwamba katika nyumba ile, kitu kilichoning'inia pale kilikuwa na mwenyewe kuliko hata kilichovaliwa. Aliyepaswa kujua ni Chiriku. Alisimama mbele ya koti akisubiri moyo umwambie kitu. Moyo ulinyamaza. Akaondoa kofia ya baba, akaiweka mezani, akalishusha koti, wakatoka.

Dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Wasichana wanne wa shule nyingine walikuwa wakinunua viatu vya aina moja ili wafanane. Kaka mmoja alisimama katikati ya njia akilinganisha bei kwenye simu, watu wakimpiga vikumbo. Na pale kwenye makoti ilikuwepo familia nzima ya Twiga, imejipanga kama inafanya kazi ya kulipwa: mama yake, ambaye alikuwa msusi wa nywele mwenye vidole vyepesi, mjomba wake, mtoto mchanga, na bibi, kimama kifupi kisichoongea sana.

Chiriku alichukua koti la manjano la kwanza kuliona. Hakuligeuza, hakulijaribu. Kwenye kaunta, bibi wa Twiga alilishika koti jeusi kabla muuzaji hajalipokea. Akapitisha kidole kwenye mshono, kisha kwenye vifungo.

"Hili lina miaka kumi mbele yake," bibi alisema. "Kwa nini unalitoa?"

"Halivaliwi, bibi."

"Aa. Haya." Kwa sheria ya kwao jibu hilo lilitosha, akaliachia.

Muuzaji alilitupa kwenye tenga kubwa la waya nyuma yake. Vifungo viligonga waya. "Haya yanakwenda wapi?" Chiriku aliuliza.

"Kiwandani. Yanasagwa, yanajazwa kwenye magodoro. Kila asubuhi tukifungua, lori linakuja kubeba ya jana."

Njiani Chiriku aliisubiri ile raha. Ilikuja kidogo, kweli, ikamsindikiza mpaka kona ya duka la dawa. Kisha ikaondoka, akabaki na mfuko wa nailoni mkononi. Alipofika nyumbani alilisukuma koti la manjano chini ya kitanda.

Jioni baba aliamka kujiandaa kwenda kazini. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango bila kutazama. Mkono ukagusa ukuta. Akatazama msumari, akaitazama kofia mezani.

"Mama, koti liko wapi?"

Chiriku alikuwa anaosha vikombe. "Sijui," alisema.

Neno lenyewe lilitoka kirahisi. Baba alitafuta kabatini, nyuma ya viti, kwenye kamba ya nguo uani, hata chini ya sinki, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka koti. Mwisho alikaa kwenye kiti na kofia mapajani.

"Leo asubuhi alikuja fundi bomba," alisema polepole. "Nilimwacha peke yake jikoni nikaenda kulala. Hakuingia mtu mwingine humu." Akaigeuza kofia. "Yule fundi? Hata siamini. Lakini koti halina miguu. Kesho nikitoka kazini nitamwendea, na itabidi niende na mwenye nyumba."

Fundi bomba yule alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi na mkoba wa zana uliochanika. Mama alipokuwa mgonjwa, aliwatengenezea bomba la maji ya moto akakataa malipo. Nyumba zote za mtaa zilimwachia mlango wazi, na ugali wake, kama tunavyosema, ulitokana na milango hiyo. Mwenye nyumba akisikia neno wizi, nani angemfungulia tena? Chiriku alijua hayo yote vizuri kabisa. Aliendelea kukausha kikombe kilichokwisha kukauka.

Ijumaa asubuhi hakukuwa na harufu ya mkate. Chiriku aliamka kwa saa ya mezani, akamkuta baba amesimama mlangoni, mikono mitupu.

"Nimeunguza mikate," baba alisema. "Trei nne. Miaka kumi na sita sijaunguza hata mmoja." Akakishika kitasa. "Kula biskuti zilizobaki. Mimi nakwenda kwa fundi bomba."

"Baba, usiende."

"Kwa nini?"

"Koti nimelichukua mimi."

Baba alikiachia kitasa. Chiriku alimweleza yote, tangazo, duka, tenga la waya, lori la asubuhi. Alieleza kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma ratiba ya vipindi. Kisha alikwenda chumbani akarudi na koti la manjano, bado lina lebo.

Baba alilitazama. Chiriku alingoja apigiwe kelele. Baba akauliza tu, "Unalipenda?"

"Sijui, baba. Safari hii ni kweli sijui. Mimi sisikii kitu. Nilidhani nikinunua nitasikia."

"Hata mimi sisikii," baba alisema. Aliupapasa ule msumari mtupu. "Tangu siku ile. Nakanda unga, nalala, naamka. Ila nikitundika kofia hapa nikagusa lile koti, ndiyo nasikia kidogo. Kidogo tu. Ndiyo maana sijalitoa." Akavuta pumzi, akaivaa kofia. "Duka linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Vaa viatu."

Walikimbia, Chiriku na koti la manjano kwapani. Baba hakuwa mtu wa kukimbia, na unga ulikuwa unampukutika mabegani njia nzima. Kwenye lango la nyuma la duka lori lilikuwa limekwisha kuwasili, na makoti ya jana yalikuwa yamemwagwa sakafuni mwa stoo, mlima mzima. Mtunza stoo, mwanamke mwenye miwani na daftari, aliwazuia kwa kalamu.

"Koti jeusi? Humu meusi yako mia mbili, mzee wangu. Nitajuaje lipi ni lako?"

Chiriku ndiye aliyejibu.

"Kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nilikishona mimi nikiwa na miaka tisa. Uzi mweusi uliisha."

Mtunza stoo alimtazama juu ya miwani. "Dakika kumi," alisema. "Dereva akipakia, mimi simo."

Wakaingia kwenye lile rundo kwa mikono miwili. Kila koti walilovuta lilikuwa jeusi, na kila kifungo kilikuwa na uzi mweusi. Dereva alipiga honi. Chiriku alivuta, akatazama, akatupa, akavuta. Hapo ndipo aliposikia sauti anayoijua kutoka upande wa barabara.

"Chiriku! Mbona uko huku?" Ilikuwa ni Twiga, amevaa sare za shule, na nyuma yake mama yake na bibi. Kwa wengine ilikuwa asubuhi ya pili ya punguzo. Kwao ndiyo ilikuwa siku ya kununua.

Chiriku aliwaambia. Twiga akashika mdomo. "Jamani, mimi ndiye niliyemwambia achukue!"

"Lawama baadaye," alisema mama Twiga, akajifunga kitambaa chake kiunoni. "Mama, ulilishika jana?" akamwuliza bibi.

Bibi alikwisha piga magoti. Watu wale walikuwa wamezaliwa na kazi hiyo. Mama Twiga alitupa makoti kushoto na kulia, akiyageuza kwa mkupuo mmoja, na bibi hakuhangaika hata kutazama, alipapasa tu mishono, moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa. Hili siyo. Hili siyo. Dereva alishuka kwenye lori akaja kusimama na mikono kiunoni, kisha hata yeye akaanza kuvuta.

"Mshono mara mbili," bibi alisema. "Hili."

Kifungo cha tatu, uzi mwekundu.

Baba alikaa chini pale pale sakafuni. Chiriku alilipokea koti, akasubiri. Bado kulikuwa kimya kifuani. Alimrudishia mtunza stoo koti la manjano na risiti, na bibi, ambaye hakuweza kushika nguo bila kupekua mifuko, akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alimpa baba. Baba alikisoma, midomo ikamcheza, akampa Chiriku.

Ulikuwa mwandiko wa mama, bei za mwaka jana. Sabuni. Soksi za baba. Halafu: Koti la Chiriku, elfu ishirini na mbili.

"Ishirini na mbili?" mama Twiga alichungulia. "Si ndiyo nusu bei ya leo? Tena kwa mwenye kuleta la zamani! Dada, hili punguzo limepunguza nini?"

Mtunza stoo alikohoa akaanza kusoma daftari lake kwa bidii kubwa.

Lakini Chiriku hakuwa akiwasikia. Mstari wa koti ulikuwa umekatwa kwa kalamu, na pembeni mama alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: Hataki. Anasema anangoja langu.

Akakumbuka. Walikuwa wamesimama katika duka hili hili, mama ana kalamu sikioni. "Nikuandikie koti?" mama aliuliza. Naye Chiriku, domo halipumziki, alijibu, "Sitaki la hapa. Nangoja lako. Ukilichoka nilivae mimi, ndiyo maana nimelishonea kifungo." Mama alicheka mpaka muuzaji akageuka. Chiriku alikisikia kicheko kile sasa, kizima kizima. Mguu wenye ganzi ukianza kuamka huwa unachoma, na kilichomwamka kifuani kilichoma vivyo hivyo. Alilia kwa sauti, katikati ya stoo, mbele ya dereva wa lori, na hakuona aibu hata kidogo. Baba alimkumbatia pale chini, koti likiwa katikati yao.

Walipotulia, baba alisema, na Twiga naye alikuwa anasikiliza. "Kuhusu koti, nina sehemu yangu ya kosa. Nililiacha msumarini nikadhani unaona ninachokiona mimi, wala sikusema. Lakini lile neno lako, 'sijui', lilikuwa linamfanya mtu mwema mwizi. Neno moja tu, mama. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako."

"Na mimi nisemeje?" Twiga aliuliza, macho chini.

Mama yake ndiye aliyejibu. "Kwetu tunachukua kisichovaliwa kwa sababu sote tunaijua sheria hiyo. Ukiingia nyumba ya mwenzako, hujui sheria yake. Unauliza."

"Kila nyumba ina namna yake ya kununua," baba alisema. "Kuna wa simu, kuna wa kulala kwanza, kuna wa kikaratasi. Hakuna aliyewakosea wenzake. Ila kabla hujatoa pesa, jiulize kama unakitaka kitu chenyewe au unataka kitu ambacho duka halina. Mimi na wewe tulikuwa tunataka kitu ambacho duka halina. Tungeambiana tu."

Jioni walimpelekea fundi bomba mkate. Chiriku alimweleza mwenyewe kwamba alikuwa ameshukiwa na kwa kosa la nani. Fundi alikohoa, akasema, "Afadhali umeniambia wewe kuliko kusikia barabarani." Kisha akamega mkate, akampa kipande.

Jumamosi asubuhi harufu ya mkate ilirudi. Baba alifunga mlango kwa kisigino akatundika kofia kwenye msumari mtupu. Chiriku alitoka chumbani amevaa koti jeusi, mikono ameikunja mara mbili, na alikuwa ameanza kusema tangu yuko kitandani: Twiga amesema hivi, bibi yake atapunguza mikono, shuleni kuna mashindano, na je, baba anajua kwamba magodoro yote ya mjini yamejaa makoti ya watu?

"Chiriku, hebu pumua," baba alisema.

Alinyoosha mkono kuugusa mkono wa koti, kama alivyozoea. Safari hii ndani yake kulikuwa na mkono. Aliushika hivyo kwa muda.

"Haya, kula," akasema, "usichelewe."